Mwaka mmoja na mfuko wa choo tumboni: fundi baiskeli wa Ngamiani nasimulia (uzi mrefu, shika kahawa)

#1 SpokuMbovu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya. Naingia jukwaa la mpira, nacheka, natoka. Leo nina langu. Jina halina haja. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda kiko Ngamiani, Tanga. Barabara ya ngapi sisemi, maana wateja wangu nao wana simu.

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, tumbo lilinivimba. Siku ya kwanza nikasema gesi, nikanywa tangawizi. Siku ya pili choo hamna, upepo hautoki, natapika, tumbo limekaza kama tairi lililojazwa na mtoto asiyejua kuacha pampu. Nikapakiwa kwenye bajaji, kila shimo la barabara nalisikia kitovuni. Picha ikapigwa. Daktari akasema utumbo mpana umejisokota, kipande kimeshaoza, tunaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Karatasi niliweka saini bila kuisoma. Kwa maumivu yale ningeweka saini hata ya kuuza nyumba.

Nilipozinduka nikakuta upande wa kushoto, chini kidogo ya kitovu, pametoka kinyama chekundu chenye majimaji, kama ndani ya mdomo ukiukunjua mbele ya kioo. Juu yake wamebandika mfuko. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anabadilisha dripu, hiki nini? Akasema, "Mzee, hapo ndipo utakapokuwa unajisaidia." Akaenda kitanda cha pili.

Nina miaka 52. Ile "mzee" nayo iliniuma.

Siku ya kuruhusiwa nikapewa mifuko mitatu na sentensi mbili: "Utakuwa unabadilisha. Utazoea." Hospitali siitaji, na sijaleta uzi huu kumsema mtu. Walioniokoa ni walewale. Lakini naomba mnielewe: mkono ulioshika kisu ulikuwa hodari, ila hakuna mkono ulioshika wangu ukanionyesha namna ya kuishi na walichonitengenezea.

Mfuko wa kwanza uliachia siku ya pili, alfajiri, kitandani. Wa pili ukakaa siku moja. Wa tatu nilikata tundu kubwa ili "lipumue", na kufikia usiku choo kilikuwa kinatambaa chini ya kibandiko, ngozi inawaka kama nimepakwa pilipili. Mifuko ikaisha. Tukahamia kwenye vitambaa: mke wangu alichana khanga zake za zamani, tunakunja, tunafunga kwa mkanda wa kitambaa, tunafua, tunaanika nyuma ya nyumba ili majirani wasiulize. Wazee wananiambia zamani watu walijifungia mifuko ya rambo, lakini rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, hata huo ufundi wa kimaskini umepungua. Shangazi akaja kutoka Pongwe, akaona ngozi ilivyochubuka, akasema paka mafuta ya nazi. Nikapaka. Ngozi ikapoa kweli. Jirani yetu akatuletea mfuko mmoja alioupata kwa marehemu baba yake, nikaubandika juu ya mafuta yale. Haukumaliza nusu saa.

Nimebandika viraka miaka thelathini, wakuu! Ningemwona mwanafunzi wangu anabandika kiraka juu ya tyubu yenye mafuta ningemfukuza kibandani. Juu ya tumbo langu mwenyewe akili ikalala.

Aliyeniamsha ni muuguzi mmoja wa makamo, siku niliyokwenda kutolewa nyuzi. Alifungua ile khanga, hakukunja pua. Akavuta kiti. Akaniambia, baba, leo hatutoki hapa mpaka ufanye mwenyewe kwa mkono wako. Akachukua boksi tupu la majani ya chai, akakata kipande, akatoboa tundu katikati kwa mkasi, akalijaribisha juu ya kile kinyama, akapunguza, akajaribisha tena. Kipimo kilipokaa, akasema: kati ya nyama na ukingo wa tundu ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 tu, pembeni kote. Likibana, litakata nyama. Likiwa kubwa, choo kitakaa juu ya ngozi na kukuunguza, ndicho kilichokupata.

Kisha mpangilio. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, basi. Sabuni ya manukato hapana, spiriti hapana, mafuta hapana. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Pasha kibandiko kwa kukikumbatia kwapani au viganjani. Bandika kuanzia chini kwenda juu. Halafu weka kiganja juu yake dakika tano nzima, usiondoe, piga hadithi.

Hapo ndipo nilipocheka hadi mshono ukauma. Akashangaa. Nikamwambia mama, hii ni pancha. Unasafisha, unakausha, hugusi kwa kidole chenye grisi, unabandika, unakandamiza, unasubiri. Anayeng'oa mkono mapema ili awahi pesa, mteja anarudi kesho na tyubu ileile.

Kwa jumla tulikaa nusu saa. Tangu siku ile kibandiko kinakaa siku tatu hadi nne. Nusu saa ile ingefanyika wodini kabla sijaondoka, mke wangu angekuwa na khanga zake.

Yaliyofuata, kwa mkato. Niliendelea kutumia kipimo kilekile cha boksi la chai, na baada ya mwezi na nusu ngozi ikaanza kuwaka upya. Kumbe kile kinyama huanza kimevimba, kisha hunywea taratibu kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Lazima upime tena na tena. Mfuko unaumwagia ukifika theluthi au nusu, usingoje ujae, uzito wake ndio unaong'oa kibandiko. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, nami sikuweza kuchuchumaa na mshono. Nilikuwa napiga goti juu ya kipande cha tairi la gari, namwagia kwenye kopo, namimina. Tangulizeni maji kidogo kwenye kopo, lisirushe.

Msibani je? Nilikaa mkekani, katikati ya dua, kimya kabisa, na kile kinyama kikatoa sauti. Hakina msuli wa kukizuia, hukiombi ruhusa. Mzee wa pembeni akanitazama, nikamtazama mtoto wa pembeni yangu. Mungu anisamehe, yule mtoto alipigwa kofi.

Maswali yapo? Ulizeni. Najibu usiku nikifunga kibanda.

#2 Kasuku wa Chuda

Nilikuja kumcheka jina, nimekaa chini. Pole sana mkuu. Huyo mtoto wa msibani umemlipa soda?

#3 SpokuMbovu

Nimemlipa baiskeli nzima, kaka. Anaiendesha hadi leo, hajui kwa nini.

#4 Muuguzi wa Zamu

Nipo wodi ya upasuaji, mkoa siutaji. Nimeusoma uzi huu mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye chai.

Fundi, sitetei "utazoea". Lakini wadau wajue ilivyo: zamu ya usiku mnaweza kuwa wawili na vitanda vimejaa hadi magodoro ya chini. Anayeruhusiwa kesho ndiye anayeonekana mzima kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayepata dakika chache. Macho yetu yanakimbilia anayetapika na anayetoka damu. Huyu anayetembea na mfuko wake tunampita tukimwambia hongera.

Kuna jambo Fundi hakulisema kwa sababu kwake ilikuwa dharura. Kama upasuaji umepangwa, mgonjwa anatakiwa achorwe alama kabla, mahali utumbo utakapotolewa. Unamkalisha, unamsimamisha, unamwinamisha, unaangalia mikunjo ya tumbo inapoangukia, unakwepa kitovu, kovu la zamani na mfupa wa nyonga. Kwa watu wetu wa pwani mimi namwambia avae kabisa: baba afunge msuli wake, mama afunge khanga yake kama afungavyo jikoni. Fundo likiangukia juu ya tundu, huyo mtu atahangaika maisha yake yote. Na mgonjwa lazima apaone kwa macho yake mwenyewe. Mwenye kitambi akichorwa chini ya kitambi, atabadilisha mfuko kwa kupapasa.

Rangi ya kile kinyama nayo. Nyekundu au waridi, yenye unyevu, ndiyo afya. Kutoka tone la damu unapopangusa ni kawaida, pana vimishipa vingi, na haiumi kwa sababu haina neva za maumivu kama ngozi. Ndiyo maana mfuko unaweza kuikata na usisikie. Ikigeuka zambarau, kahawia ya kuiva au nyeusi, damu haifiki. Usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo. Vilevile kama hakitoki kitu kabisa, tumbo linauma kwa vipindi na unatapika. Vilevile damu ikitoka kwa ndani pamoja na choo. Utumbo ukichomoza mrefu ghafla, lala chali, ufunike kwa kitambaa safi chenye maji, uende hospitali, usiusukume kwa nguvu.

Na kunyanyua vitu: miezi mitatu ya kwanza acha. Ukuta wa tumbo umetobolewa pale, ngiri hupenya pembeni ya tundu kirahisi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Akina mama ndio wanaoniangusha hapa, wiki ya tatu tu anarudi kliniki na ndoo iko kichwani.

#5 Mama Pacha

Shikamoo kaka Spoku, shikamoo wote mlionitangulia. Naandika nikiwa Mikanjuni, mtoto amelala.

Wangu alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Mkunga hakuona, nami sikujua hata kama kuna kitu cha kuangalia. Siku ya pili tumbo kubwa, hanyonyi, kila nikimfungua nepi ni kavu. Mama mkwe ndiye aliyemgeuza akapiga kelele. Daktari aliniambia hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, si kwa sababu ya nilichokula wala nilichokitazama nikiwa mjamzito. Lile neno la pili ndilo nililolihitaji, maana ukweni walishaanza kuuliza nilimcheka nani.

Alipasuliwa, utumbo ukatolewa tumboni. Tukaambiwa safari ina vituo vitatu: hilo tundu la muda kwanza, baadaye akikua kidogo atengenezewe njia ya nyuma, ikishapona na kuzoezwa kwa kupanuliwa ndipo la tumboni lifungwe. Sasa tuko kati ya cha pili na cha tatu.

Swali langu ni hili. Kaka anasema mafuta hapana. Mimi nimempaka mtoto mafuta mazito tangu mwanzo kwa maelekezo ya nesi, na ngozi yake nzuri. Situmii mfuko, natumia nepi ya kitambaa, namkunjia juu ya tumbo. Nimekosea?

#6 Muuguzi wa Zamu

Hujakosea, mama. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mafuta yanakatazwa mahali kibandiko kinaposhika, kwa sababu hakitashika. Mtoto asiyetumia mfuko hana kibandiko, kwa hiyo anachohitaji ni ukuta kati ya choo na ngozi: krimu nzito ya zinki au mafuta mazito ya mgando, unapaka kwa ukarimu, na kila unapobadilisha unapangusa choo tu, huondoi krimu yote hadi chini. Kwa kolostomi (tundu la utumbo mpana) ya mtoto mchanga nepi ni njia halali kabisa, usione haya ukiona wenzako wana mifuko. Badilisha mapema, usimwache akalala nayo.

Nepi ile usiikaze tumboni. Ukiona utumbo umetoka mrefu akilia, mtulize kwanza. Mara nyingi hurudi akitulia. Usiporudi, au ukibadilika rangi, njoo.

#7 Mkwezi

Samahani kwa nitakalosema. Utumbo wa mtu mzima haujisokoti wenyewe. Huo ni mkono wa mtu. Nina mzee wangu Muheza, ana mizizi ya kufunga hilo tundu bila kisu. Njoo faragha.

#8 SpokuMbovu

Mkwezi ndugu yangu, siji. Daktari alinichorea kwenye karatasi ya dawa: kuna watu kipande kile cha mwisho cha utumbo mpana ni kirefu, na shina lake ni jembamba, kwa hiyo kikijaa kinazunguka kama mnyororo uliolegea. Aliniambia Afrika Mashariki mambo haya anayaona sana, hasa kwa wanaume. Basi kama ni mkono wa mtu, huyo mtu ana kazi nyingi.

Tundu likifungwa kwa mizizi choo kitapita wapi? Waulize wanaojua tumbo lililofunga lilivyo. Mimi nimepanda nalo bajaji.

#9 Mpangani

Nimejisajili kwa sababu ya uzi huu. Mimi ni mwanamke, Pangani. Wangu umetolewa kulia, wanaita ileostomi, ni utumbo mwembamba. Nawaonea wivu nyie wa utumbo mpana kwa sababu chenu kinatoka kimeshikana. Changu ni uji muda wote, usiku na mchana, na kikigusa ngozi saa moja tu nimechubuka. Fundi unasema siku nne? Mimi mbili nikibahatika.

Mwezi wa Ramadhani nilifunga siku mbili. Ya tatu nikaanguka jikoni, miguu imekaza misuli, mdomo mkavu, macho yameingia ndani. Kila mtu ananiambia nywe maji. Nakunywa jagi zima, linatoka mfukoni kama lilivyoingia. Dawa nazo: kuna kidonge nilikikuta kizima mfukoni, hata rangi haijatoka.

Na la mwisho, mtanicheka. Kashata. Nilikula kashata za nazi tatu harusini, usiku wake tumbo likakamata, mfuko mkavu, nikadhani nakufa.

#10 Bwana Kahawa

Dada, hakuna anayecheka. Kashata tatu mimi mwenyewe zinanifunga na sina tundu lolote.

#11 Muuguzi wa Zamu

Mpangani, wewe soma polepole, na hili nalo ulipeleke kwa daktari wako.

Kinachotoka kwako hakijapita utumbo mpana, ambako maji na chumvi hunyonywa kurudi mwilini. Kimebeba vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na ngozi kwake ni chakula pia. Ndiyo maana kipimo chako lazima kikae barabara kuliko cha Fundi. Ileostomi iliyokwisha kutulia hutoa kama mililita 500 hadi 800 kwa siku. Ikifika lita moja na nusu na kuendelea, hiyo ni hatari, ni kama kuharisha kusikokoma. Tafuta kopo lenye alama, upime siku moja nzima badala ya kukisia.

Maji matupu ndiyo yaliyokuangusha. Unapoyanywa mengi bila chumvi, utumbo unatoa chumvi yake kuyakutanisha, yanatoka pamoja. Kunywa maji ya chumvichumvi ya dukani, zile pakiti za kuharisha. Zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Sukari si ya utamu, inaibeba chumvi kuingia mwilini, kwa hiyo usipunguze. Kunywa kidogokidogo siku nzima. Misuli ikikaza, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au kizunguzungu ukisimama, usikae Pangani kungoja kesho.

Kidonge kizima mfukoni ni habari kubwa. Vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke taratibu havipati muda kwako. Mwambie anayekuandikia dawa, kila mara, hata kama amekwisha kuambiwa. Usivisage mwenyewe bila kuuliza. Na dawa ya kulainisha choo usikubali kupewa na mtu yeyote.

Nazi: tui ruksa, machicha hapana. Kwenye kashata umekula machicha yenyewe na sukari. Utumbo wako unabanwa pale unapopita kwenye ukuta wa tumbo, na nyuzi hujikusanya hapo kama taka kwenye kalvati. Pweza asiyelainika, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, uyoga, embe lenye nyuzi, nyama nyeupe ya chungwa: kidogo sana, tafuna hadi iishe, au uache hasa wiki za mwanzo. Wali, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha vinasaidia kushikanisha. Hata usipokula kitu kitatoka, kwa hiyo usijinyime ukidhani utapumzika.

Kuhusu kufunga, mimi si shekhe. Mimi nitakuandikia kwamba kwako ni hatari, nawe umpelekee anayejua fidia.

#12 Kasuku wa Chuda

Nesi, nani kwanza alitengeneza hii mifuko ya kubandika? Nauliza kwa kutaka kujua tu, nimeona Fundi kaitetea kama kaitengeneza yeye.

#13 Muuguzi wa Zamu

Muuguzi mwenzangu, na najivunia. Elise Sørensen, wa Denmark. Dada yake Thora aliwekewa tundu akawa hataki kutoka nje kwa kuogopa kuvuja mbele za watu. Mwaka 1954 Elise akafikiria mfuko wa plastiki wenye gundi unaokaa juu ya ngozi. Kabla ya hapo watu walihangaika na mikanda, vikombe na vitambaa. Kwa upasuaji wenyewe, Mfaransa Duret alimfanyia mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja huko Brest mwaka 1793, na yule mtoto akaishi hadi utu uzima. Mama Pacha, hilo nimekuandikia wewe.

#14 Jina Nimelificha

Fundi samahani, swali la faragha naliuliza hadharani kwa sababu najua si mimi peke yangu. Nina miaka 34, nina mke. Tangu niwekewe miezi minne sasa nalala ukumbini. Ninyi mnafanyaje?

#15 SpokuMbovu

Nimekaa na swali lako tangu jana, kijana.

Mimi nililala ukumbini wiki saba. Hakuna aliyenifukuza. Nilimwambia mke wangu mkeka unanyoosha mgongo. Alikuwa anajua, nami najua anajua. Nilikuwa nasikia harufu hata pasipo harufu, naamka usiku kunusa shuka. Joto la kaskazi lilipoanza ikawa balaa zaidi, jasho linateleza chini ya kibandiko, plastiki inanata tumboni.

Usiku mmoja umeme umekatika, nikasikia mlango. Ametoka na mto wake kwapani. Akauweka mkekani, akalala upande wa kulia, ambako hakuna mfuko. Hakusema kitu. Baada ya kitambo akasema, "Hii plastiki inalia kama mfuko wa kaukau." Tukacheka. Asubuhi akachukua kipande cha khanga, akaenda kwa fundi cherehani jirani, akarudi na vifuko vitatu vya kitambaa vya kuvika juu ya mfuko. Havilii, jasho linanyonywa, na havinati. Kimoja kina maandishi ya ile khanga, yamekatwa katikati, limebaki neno "subira" tu. Nacho ndicho ninachokipenda.

Hayo mengine nesi akujibu, mimi naona haya.

#16 Muuguzi wa Zamu

Anaona haya lakini vifuko vya khanga kavileta hadharani.

Kijana, kumwaga mfuko kabla, kuukunja na kuufunika kwa kitambaa au kuufunga na mkanda mpana, inatosha kwa wengi. Kukumbatiana hakuling'oi tundu. Tundu lenyewe lisitumike kwa tendo lolote, litajeruhiwa. Kama nguvu za kiume zimebadilika, usijilaumu wala usinunue dawa za vichochoroni: upasuaji wa chini kabisa kwenye nyonga, hasa wa saratani ya njia ya haja, unaweza kugusa neva zinazohusika. Mwambie daktari wazi. Tunapowauliza mnaendeleaje mnasema vizuri, sisi tunaandika vizuri.

Na uongee na mkeo. Huenda naye anadhani umemchoka.

#17 Bwana Kahawa

Mkuu Spoku, na msikitini? Baba yangu mdogo ameacha swala ya jamaa tangu apate hiyo hali. Anasema udhu wake hauna maana.

#18 SpokuMbovu

Nami niliacha, karibu miezi mitatu. Adhana inanikuta kibandani, nainamia gurudumu. Imamu wetu ndiye aliyenifuata, akakaa juu ya kopo la rangi, akangoja nimalize kukaza spoku. Akaniambia, kwa sisi watu wa Shafii, hali yako ni ya mwenye udhuru wa kudumu, kama anayetokwa na mkojo mfululizo. Wakati wa swala ukiingia, mwaga mfuko, jisafishe, tia udhu, swali faradhi yako. Kikitoka kitu katikati huna dhambi nacho. Faradhi inayofuata, udhu mpya. Mwambie baba mdogo amuulize shekhe wake naye, asikae na hukumu aliyojitungia. Mimi nasimama safu ya nyuma karibu na mlango, kwa sababu ya sauti tu. Hata hilo imamu alisema ni hiari yangu.

#19 Mama Pacha

Kaka Spoku, wewe litafungwa lini?

#20 SpokuMbovu

Daktari amesema linaweza kuunganishwa, nina uchunguzi mwezi ujao. Nikikubali ni kisu tena. Kuna siku nataka kesho asubuhi, kuna siku nasema hapa nilipo pananitosha, napiga baiskeli hadi Raskazone na kurudi. Mke wangu anasema chochote, ila khanga zake nizilipe kwanza.

#21 Binti Makorora

Shikamoo baba Spoku. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Baba yangu amefanyiwa juzi, umri kama wako. Amegeukia ukutani, hataki kuangalia, hataki tumwangalie. Daktari anasema wanaweza kumruhusu Ijumaa. Mifuko wametupa minne. Naogopa Ijumaa.

#22 SpokuMbovu

Marahaba mwanangu. Niandikie faragha wodi gani. Nesi wa zamu mwombe ruhusa, mwambie kuna mtu mwenye tundu kama la baba atakuja, na umwombe naye asimame pale atusahihishe. Nikifunga kibanda kesho baada ya alasiri nipo. Baba usimwambie nakuja kumfundisha, mwambie fundi baiskeli anakuja kumsalimia.

Boksi tupu la majani ya chai unalo nyumbani? Lete na mkasi mdogo.